Vigingi vya Kanam: Maisha ya Louis Leakey

Ukurasa huu mmezoea kukutana na wahubiri wa uamsho na wamishonari. Wiki hii nimemleta mtu ambaye kanisani huwa tunamtaja tukitaka kumpinga tu: Louis Leakey, yule mzungu wa kuchimba mifupa.

Sababu ni mzazi mmoja wa ushirika wetu. Kijana wake aliondoka Nyamira ameokoka, anaimba kwaya, akaenda chuo. Muhula wa pili akarudi nyumbani akisema sayansi imeshamaliza hiyo kesi, na kanisa ni stori za wazee. Mzazi alitaka nimpe jibu moja la kumnyamazisha huyo kijana. Sikumpa. Nilimsimulia maisha ya Leakey, na kwa vile si yeye peke yake ana mtoto chuoni, nayaandika hapa.

Kwanza, wengi hawajui kwamba Leakey ni mtoto wa misheni. Alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmishonari wa CMS, na ni mmoja wa waliofanya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Louis alikua na watoto wa Wakikuyu, akacheza nao, akaenda jandoni na rika lake, akaongea lugha yao kama mwenyeji. Akiwa na miaka kama 13 alisoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale na zana zao za mawe, akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa huko Kabete. Watu wa nyumbani walimcheka. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho Nairobi, naye akamwambia ndiyo, baadhi ni zana kweli. Hapo ndipo yote yalianza.

Alipoenda Cambridge mwaka 1922 nia yake ilikuwa arudi Kenya awe mmishonari kama baba. Akaumia kichwa akicheza raga, madaktari wakamtoa masomoni kwa muda, na badala ya kukaa bure akajiunga na safari ya kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1924. Alirudi amebadilika. Alimaliza Cambridge mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa, na mwaka huohuo akaja Kenya kuongoza msafara wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 23. Wengine wetu kwa umri huo tulikuwa bado tunatafuta attachment!

Alikuwa na jambo moja moyoni. Wakati ule wataalamu wengi waliamini chanzo cha binadamu ni Asia. Louis alisema ni Afrika. Alisema hivyo kabla ya kuwa na ushahidi wa kutosha, na alisema kwa sauti kubwa. Sasa shikeni hilo, kwa sababu kwenye hili la Afrika, wataalamu wa leo wanakubali kwamba alikuwa sahihi. Na bado lilimpeleka pabaya.

Mwaka 1931 alienda Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck, ambaye mwaka 1913 alikuwa amefukua hapo mifupa ya binadamu akasema ni ya kale sana. Louis mwanzoni alikuwa na shaka. Walipofika pale akashawishika, akatangaza katika jarida la Nature kwamba Reck yuko sahihi. Haikuchukua muda ikaonekana mifupa ile ni ya mtu aliyezikwa miaka mingi baadaye, kaburi lake likachimbwa ndani ya udongo wa zamani. Yaani udongo ni wa kale, maiti ni ya juzi. Louis akakubali kwamba walikosea.

Lakini kabla hilo halijaisha, lilikuja la Kanam, na hapa niko karibu na nyumbani.

Ukisimama ukingo wa Manga siku isiyo na ukungu, unaliona ziwa kule chini. Kanam na Kanjera ziko upande huo, Karachuonyo, chini ya mlima Homa kwenye ghuba ya Winam. Ni safari ya matatu ya asubuhi moja kutoka Kisii mjini. Mwezi wa Machi 1932 kikosi cha Louis kilikuwa kikichimba hapo. Mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alikuwa amepata jino la mnyama mkubwa wa zamani wa jamii ya tembo. Akaendelea kuvunja udongo mgumu, na kumbe ndani ya bonge moja kulikuwa na kipande cha taya la binadamu. Huko Kanjera walipata vipande vya mafuvu pia.

Taya lile lilionekana kuwa na kidevu. Hiyo ndiyo iliyomsisimua Louis, kwa sababu kidevu ni alama ya binadamu kama mimi na wewe. Akasema huyu ndiye babu wa kweli, mzee kuliko wale waliopatikana Java na China. Akampa jina la kisayansi, Homo kanamensis. Mwezi wa Machi 1933 wataalamu walikutana Cambridge kuchunguza matokeo yake, na kwa jumla wakamkubali, wakampongeza. Hebu fikiria: kijana wa Kabete, hajafika 30, na dunia inamsikiliza.

Mtu mmoja hakuridhika. Percy Boswell, profesa wa miamba kutoka Imperial College, London. Yeye hakuuliza kama Louis ni mwaminifu. Aliuliza taya lilitoka shimo gani hasa, kwenye tabaka gani la udongo, na nani anaweza kuonyesha. Louis akamwalika aje ajionee, na Boswell akaja, Januari 1935.

Wapendwa, mimi nilisoma biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na mpaka leo vitabu vya hesabu vya kanisa hupitia mezani kwangu. Hivyo hii sehemu niliisoma kama mtu anayesoma ripoti ya mkaguzi. Louis alikuwa ameweka vigingi vya chuma kwenye simiti kuonyesha mahali mifupa ilipotoka. Walipofika, vigingi havipo. Chuma ni mali. Wenyeji walikuwa wameving'oa kutengenezea vyombo vya kuvulia samaki. Mvua nazo zilikuwa zimekula makorongo, sura ya ardhi imebadilika. Ramani nzuri ya sehemu ile hakuwa nayo. Picha? Kamera yake ilikuwa imeharibika, na picha aliyokuwa ameionyesha London kama ya Kanam ilikuja kugundulika ni ya mahali pengine. Siku zikapita wanazunguka kwenye makorongo, na mtu aliyekuwa na hakika kuliko wote hakuweza kusimama mahali akasema ni hapa.

Kwa lugha ya ofisi, pesa zimeandikwa kitabuni lakini vocha hakuna. Labda zilitumika vizuri kabisa. Labda mweka hazina ni mtakatifu. Mkaguzi hana namna, ataandika kwamba hazikuthibitishwa.

Ndivyo Boswell alivyoandika katika Nature mwezi wa Machi 1935. Kwa Louis ilikuwa aibu kubwa. Na ilimkuta wakati maisha yake ya nyumbani pia yamevurugika, maana alikuwa amemwacha mkewe Frida na watoto wawili wadogo kwa ajili ya msichana mchoraji, Mary Nicol, ambaye alimuoa mwaka 1936. Hilo mimi silipambi. Nafasi yake Cambridge ikafungwa, akarudi Kenya mkono mtupu.

Watu wakiniuliza alidanganya? Kwa nilivyosoma, hapana. Taya lilitoka Kanam kweli. Tatizo ni kwamba hakika yake ilikuwa kubwa kuliko vigingi vyake. Na miaka ilivyokwenda, wataalamu walichunguza lile taya tena wakaona kile kilichoonekana kama kidevu kimeharibiwa na uvimbe, ugonjwa wa mfupa. Ule umri mkubwa alioutangaza Louis nao hauaminiki tena. Wanaona ni mtu wa karibu zaidi. Yaani mtu alijenga jina la ukoo mzima juu ya mgonjwa mmoja, Mungu amrehemu.

Hapa najua kuna ndugu ameshaanza kupiga makofi kwamba mnaona, sayansi ni uongo. Pole pole. Nani alimshika Louis? Si mchungaji. Ni mwanasayansi mwenzake, aliyesafiri kutoka Uingereza kuja kutembea kwenye jua la Karachuonyo. Hata lile fuvu la Piltdown ambalo wahubiri wetu hupenda kulitaja, lililodanganya watu Uingereza tangu 1912, waliofichua mwaka 1953 kwamba ni la kughushi walikuwa wanasayansi wenyewe, kwa vipimo. Ilichukua miaka 41. Si kitu cha kujivunia, na pia si kitu cha kutuchekesha sisi.

Mkulima wa majani chai hapa kwetu anajua hii hesabu. Umechuma tangu alfajiri, mgongo unauma, una hakika gunia ni kilo 20. Ukifika kituoni mizani inasema 17. Utabishana, lakini kinachoandikwa ni cha mizani. Na mizani yenyewe haiaminiwi hivihivi. Kuna mtu wa vipimo huja kuikagua na kuipiga muhuri. Sayansi ni mizani ya namna hiyo. Inapima vizuri kile kinachoweza kuwekwa juu yake, na inahitaji kukaguliwa kila mara. Mwambie kijana wako hivyo. Akikuambia kesi imeisha, muulize kwa upole kama alishawahi kusikia Kanam.

Nirudi kwa Louis. Miaka iliyofuata alifanya mengi ambayo nayapita haraka. Aliandika kitabu kikubwa cha mila za Wakikuyu, kikachapishwa baada ya kifo chake katika sehemu tatu. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Kenyatta kule Kapenguria, upande wa utetezi ukalalamika kwamba anapendelea, akajiondoa. Katika mambo ya Mau Mau alikuwa upande wa serikali, na kuna familia hazijamsamehe mpaka leo. Aliongoza makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1948 Mary alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, hapohapo ziwani kwetu.

Kisha tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, Louis amelala kambini ana homa, Mary akaona meno yanachungulia kutoka ardhini. Walimwita Zinjanthropus. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Mary alikuwa mtu wa kuchora na kuandika kila kipande mahali pake. Picha zilipigwa. Mwaka 1961 wataalamu wa Berkeley walipima majivu ya volkano ya mahali pale wakasema ni miaka milioni 1.75. Lakini tabia haiishi siku moja. Louis alitangaza mapema kwamba huyo Zinj ndiye aliyetengeneza zile zana za mawe, ndiye babu yetu. Haukupita muda, wakapata mifupa ya kiumbe mwingine hapohapo, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakamwita Homo habilis, wakasema huyu ndiye fundi wa zana. Zinj akashushwa cheo na yule aliyempandisha. Na uzeeni alienda California, mahali panaitwa Calico, akasisitiza kwamba mawe ya pale ni kazi ya binadamu wa kale sana. Mary hakukubali kabisa, na jambo hilo lilichangia kuwatenganisha.

Unaona mtu huyu? Kwenye jambo kubwa la maisha yake, kwamba tutafute Afrika, alikuwa sahihi wakati wengi walimpinga. Kwenye mambo madogo aliyoyaapia, alikosea mara kwa mara. Na moyoni mwake hisia ya kuwa na hakika ilikuwa ileile. Hakuna taa nyekundu iliyowaka kumwambia hii ni ya kweli, hii ni ya Kanam. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi mimi kama mhudumu, kwa sababu sisi pia madhabahuni tunasema tuna hakika, na hisia ya hakika hatuna ya aina mbili.

Abagusii tuna stori yetu. Wazee husimulia Sakawa, mwonaji wetu, aliyetabiri kuja kwa wazungu na mahali mji wa Kisii utajengwa, na kwamba siku moja watu hao wataondoka. Septemba 1914 vita vikafika hapa. Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika, maafisa wa Kiingereza wakatoka mjini, na tarehe 12 wakapigana hapo Kisii. Watu wakaona hii ndiyo ile siku ya Sakawa. Wakaingia mjini wakabeba vitu vya ofisi na maduka, hata misheni hazikupona. Waingereza wakarudi. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Wazungu waliondoka kweli, lakini 1963. Ukiniuliza kama Sakawa aliona kitu, sitabishana na wazee. Ninachosema ni kwamba aliyepoteza ng'ombe mwaka 1914 alikuwa na hakika, na ng'ombe hawakurudi.

Na siku hizi je? Kuna mama namfahamu, wa ushirika mwingine, alitangaziwa mbele ya watu kwamba sukari imekwisha mwilini. Akatupa dawa. Alirudi hospitali akiwa amebebwa, na leo ana mguu mmoja. Aliyemtangazia hakuwa tapeli, nafikiri. Alikuwa na hakika. Mimi naamini Mungu anaponya; nimeona, na sitaacha kuwaombea wagonjwa. Lakini soma Luka 17 taratibu. Wale wakoma kumi Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu kwa torati, Mambo ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyekuwa akikagua ngozi na kusema huyu ni safi. Bwana mwenyewe, ambaye hakuhitaji kuambiwa na mtu, aliwapeleka watu wake kwa mkaguzi. Ndiyo maana kwenye kikao cha wazee wa kanisa nimeleta pendekezo kwamba ushuhuda wa uponyaji usitangazwe kabla aliyepona hajarudi kliniki kupimwa, na asiambiwe na yeyote aache dawa. Wazee wawili wanaona ninaleta mambo ya ofisi ndani ya roho. Kikao kitaendelea.

Wengine wataniuliza, sasa imani itabaki na nini? Angalia Paulo, 1 Wakorintho 15. Anapozungumzia kufufuka kwa Bwana hatoi hisia zake. Anataja majina, anataja watu zaidi ya 500 waliomwona, na kwamba wengi wao wakati huo walikuwa bado hai. Maana yake nenda uwaulize. Hivyo ni vigingi. Sisi tuliokuja baadaye wale 500 hatuwapati tena, na hakuna jembe wala maabara ya kulirudisha lile asubuhi la kaburi tupu. Tunaamini kwa ushuhuda wao na kwa Roho, na mimi nimeuwekea maisha yangu. Lakini ni Paulo huyohuyo, sura mbili kabla ya hiyo, anayesema kwamba sasa tunajua kwa sehemu tu. Hakuona aibu kuandika mambo hayo mawili katika barua moja.

Louis mwenyewe hakuwa mtu wa kupiga vita Biblia. Alisema mara nyingi kwamba haoni ugomvi kati ya Muumba na kile alichofukua. Mwaka 2006, miaka mingi baada ya kifo chake, viongozi kadhaa wa makanisa ya kiinjili hapa Kenya walipinga makumbusho ya Nairobi kuweka mifupa hiyo mahali pa heshima. Makumbusho yalifunguliwa upya, mifupa ikabaki. Ukienda Nairobi na watoto, waingize. Wasome vibao, waulize ni nani alipima na alipima nini.

Alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Mwili ukarudishwa Kenya, akazikwa Limuru, karibu na makaburi ya baba na mama yake, wale wamishonari wa Kabete. Makorongo ya Kanjera bado yanachimbwa; watafiti huja, na kila kipande wanachookota wanakipimia mahali pake kwa chombo kabla hakijainuliwa kutoka chini.